Fundi Aliyeeneza Uvumi

Mama mpenzi,

Mulembe, salamu kutoka huku Makadara. Julai imetushika kwa baridi, lakini mimi na kitinda mimba wako Shadrak tu wazima.

Jana alinipeleka soko la Burma kula nyama choma pamoja na Fundi Ochieng', yule anayemtengenezea pikipiki tangu aanze mashindano ya mbio. Hata hatujakaa, mchoma nyama akaita, "Niaje Shadi! Ati unahamia timu ya Nakuru?"

Shadrak akakasirika. Akasema uvumi huo umemchosha, na hajui nani anaueneza.

"Ni mimi," fundi akasema.

Akaeleza polepole. Sheria zimebadilika. Msimu ujao injini kama yao, ya kuchanganya petroli na oili, haitaruhusiwa, na hizo mpya timu yao haiwezi kuzinunua. Nakuru wanazo. "Nilitaka wasikie, wakuite. Wewe hungeenda kuwaomba. Ungebaki hapa kwa kunihurumia."

Nyama ilipofika, Shadrak akachukua birika la maji ya vuguvugu mikononi mwa weita, yeye mwenyewe akamnawisha fundi, kidole kwa kidole, akisugua ile grisi ya kwenye kucha.

"Wacha bwana, watu wanaangalia," fundi akasema.

Shadrak hakuacha.

Nakuru wamemwita, naye amekubali kwenda, Mama. Mwombee, na umwombee Ochieng' pia, maana leo asubuhi nimempita gereji akifagia mahali palepale mara mbili. Nawe jifunike vizuri usiku, kifua kisikusumbue.

Bintiyo akupendaye,
Rispa