Picha ya Bango la Priscah

Metrine uko? Wacha unachofanya usome hii.

Unamjua Vinny wetu wa studio hapa Chepseon. Leo wamekuja bwanake marehemu Priscah, Kiptanui, na mamake Priscah, wakitaka bango la mazishi. Yule Priscah tuliambiwa ati aliteleza kwa shamba la majani chai akafa.

Picha ni yake kanisani Jumapili iliyopita, kabla hajafa. Kitambaa cha kichwa kimetia uso na shingo giza. Na Vinny anajua ile mashine ya bango hutoa watu weusi tititi, so kila marehemu lazima apandishiwe vivuli kwanza, yaani zile sehemu za giza ziangazwe.

Akapandisha. Shingo ikatokea.

Metrine, shingo ikatokea na alama za vidole. Pande zote mbili.

Vinny akadhani ni uchafu wa picha. Akaikuza ikajaa skrini, akauliza, "Nitoe hii doa?"

Kiptanui akasema polepole, "Rudisha giza."

Hakusema toa. Alisema rudisha giza. Hapo ndipo Vinny akaelewa alichokuwa anaangalia, akaacha picha vile iko.

Mama alikuwa kwa benchi nyuma yao. Akainuka, akaja mpaka kwa skrini, akagusa hiyo shingo.

"Kijana, usirudishe kitu. Chapisha hivyo."

Kiptanui ametoka bila kuaga mtu.

Vinny amechapisha. Bango liko hapa mezani linakauka. Kesho litawekwa kando ya jeneza, na kiti cha mume huwa pale mbele, kinalitazama.