Mashine Wanayosema Ilikuua

Yaya Jeromi, kaka yangu,

Nakuandikia hasira ikiwa bado iko kifuani. Najua mtu akishazikwa anaandikiwa maneno laini, lakini wewe ulinijua tangu nauza samaki wa ndagala kwa beseni pale bandarini, na maneno laini sikuwahi kuwa nayo. Nitakueleza yaliyotokea tangu uondoke, halafu utaona mwenyewe kama nina haki ya kukasirika.

Wanasema mashine yangu ya kuchapa picha ndiyo ilikuua.

Hawanisemi usoni. Wanasema kwenye foleni ya bomba, wanasema wakirudi misa, nikifika wananisalimia "amahoro, Mapendo" na macho yao yanakwenda ziwani. Aliyelitoa wazi ni Baba mudogo Gaspari, tena uani kwetu, watu wote wa kilio wakiwa wamekaa: "Jeromi alikwenda Bujumbura kutafuta wino wa imprimanti ya mudogo wake. Bila ile kitu angekuwa hapa anakunywa chai." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama hakutikisa. Lakini hakukataa pia, Yaya, na hiyo ndiyo iliniingia.

Ndiyo, nilikutuma wino. Katushi moja, ya bluu. Lakini ndani ya begi ulikuwa na roli za filamu za maharusi uliowapiga, unazipeleka labo zikasafishwe, na kwa ajili ya hizo ungepanda gari hata kama mashine yangu ingekuwa imejaa wino mpaka mdomoni. Wamesahau ulivyokuwa unaishi kabla sijaileta? Kila wiki Bujumbura. Kila wiki unaamka, unasubiri askari wafungue njia, unapita zile kona za Muhuta, palepale gari lenu lilipokuja kupigwa risasi, umeshika begi kama mtoto mchanga, na Mama hapa hali chakula mpaka arudi mtu wa kusema gari limefika. Mashine ilipokuja, picha za vitambulisho na za watoto tukachapa hapa hapa Rumonge, wewe ukabaki na safari moja kwa mwezi, ya harusi tu. Mwaka mmoja na nusu. Safari tatu kila mwezi zilizofutwa, piga hesabu mwenyewe: hamsini na nne. Safari hamsini na nne hukwenda. Kwenye kilio hakuna aliyezitaja hizo. Wote wanahesabu ile moja uliyokwenda.

Na mimi siwezi kusimama katikati ya watu na kupiga hesabu ya marehemu. Ndiyo maana nakupigia wewe.

Unakumbuka siku niliyoinunua? Ulikuja na mimi mpaka dukani, ukasimama mlangoni umekunja mikono kama polisi. Muuzaji alikuwa na mbili mezani. Moja ya bei nzuri, nyembamba, inang'aa, rangi zote tatu zimefungwa katika katushi moja. Nyingine nene, mbaya, kila rangi na nyumba yake. Wewe ukasema, chukua ile nzuri kama umeamua kupoteza. Mimi nikamuuliza yule mtu: njano ikiisha peke yake kwenye hii nzuri, nafanya nini? Akasema unatupa yote. Nikamwambia basi hiyo ni ya watu wa mjini. Nikamuuliza tena: wino wa hii nene unapatikana Uvira? Kigoma je? Akacheka, akasema dada, unanunua mashine au unanunua wino? Nikamjibu mashine nainunua leo tu, wino nitaununua mpaka nife. Na hii nene ilikuwa inasoma kadi ya kamera yenyewe, bila ordinateri, yaani kompyuta. Nikaibeba kichwani mpaka kwenye gari. Wewe ulibeba karatasi.

Halafu picha zake ukazipa jina. Picha ya mate. Mbele ya mteja, Yaya! Yule bibi harusi alikuja kuchukua picha yake, nimeitoa sasa hivi, bado mbichi, wewe ukalamba kidole gumba ukakipitisha kwenye jicho la picha. Jicho likashuka mpaka shavuni. "Unaona?" ukamwambia, "ya kwangu hata ukiitia kwenye mchuzi inabaki na macho mawili." Yule dada alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilijifunza. Tangu siku ile hakuna picha iliyotoka mlangoni kwangu kabla ya kulala usiku mzima wazi, ikauke, ndipo iingie kwenye plastiki.

Na ile kamba. Kamba ya umeme, Yaya, ndiyo bado inanichoma. Nilikuomba mara ngapi? Bonyeza kitufe kwanza, subiri kichwa cha wino kirudi kulala mahali pake, utasikia tak, hapo ndipo uchomoe. Mahali pale pana kifuniko kinachokizuia kukauka. Wewe kila jioni ulikuwa unachomoa tu ukutani, hap, kama mtu anayeng'oa muhogo, eti isile umeme bure. Kichwa kinabaki katikati, mdomo wazi, na upepo wa ziwa unakikausha. Bluu ndiyo ilianza kukatika. Ndiyo maana nilitaka bluu mpya. Sasa niambie, nani alimtuma nani?

Basi. Nimelisema. Tuendelee.

Kilio kilipokaribia kwisha, wakaanza kupanga siku ya kuondoa matanga, ile Warundi wanaita kuganduka. Jumamosi. Padri atakuja, ndugu wa Nyanza-Lac watakuja kama njia itakuwa shwari. Mama akauliza: picha yake ya kuweka mezani iko wapi?

Tukaangaliana. Tukatafuta kwenye sanduku, kwenye makopo ya filamu, chini ya godoro. Umepiga picha Rumonge nzima, Yaya. Kila ukuta wa mji huu una mtu uliyempiga. Wewe mwenyewe huonekani popote. Za ujana ziliungua na nyumba yetu ya Uvira. Kitambulisho kilikwenda na begi. Mtu aliyesimama nyuma ya kamera maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kuichukua mkononi mwake akamwambia, na wewe kaa.

Isipokuwa mimi, mara moja. Umekaa juu ya kreti ya fanta mbele ya studio, unaicheka kamera yangu ndogo ile ya plastiki, unasema "piga basi tuone mate yako." Niliipiga kwa ubishi. Ilikuwa bado iko kwenye kadi.

Nikawaambia. Baba mudogo Gaspari akaruka: "Kwa mashine ileile? Ichape sura ya mutu iliyemumaliza?" Alikuwa na mnunuzi tayari, Yaya, mtu wa Gitaza. Alitaka itoke nyumbani kabla ya Jumamosi. Kazi yangu yote, chakula cha Mama, ada za watoto wako wawili, vyote viondoke na gari la mtu wa Gitaza. Nikafungua mdomo, Mama akaufunga kwa mkono. Akasema pole pole, unajua anavyosema pole pole akiwa amekata shauri:

"Niletee sura ya mutoto wangu. Kama ile mashine inaweza kumuleta hata kwa karatasi, ikae. Kama haiwezi, Gaspari aibebe."

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Siku zote za kilio sikuwa nimeigusa. Wewe unajua mashine ya wino haitaki kupumzishwa. Kila Jumapili nilikuwa naichapisha kipande kidogo, mistari minne ya rangi, karatasi upana wa kidole, ili njia zake zisizibe. Sasa wiki zilikuwa zimepita. Nikaiwasha, nikachapa mistari. Nyeusi nzima. Njano nzima. Nyekundu nzima. Bluu, hakuna kitu. Nikaijaribu sura yako kwenye karatasi ya kawaida, ndogo kama stempu: ukatoka mwekundu kama mtu aliyeungua. Nikaichana mara moja, Mama asije akaiona.

Ina kitufe cha kujisafisha, lakini kila ikijisafisha inakunywa wino wa rangi zote, na wa bluu ulikuwa umebaki chini kabisa. Nikajipa ruhusa ya mara mbili tu. Ya kwanza, hakuna. Ya pili, vipande vitatu vyembamba vya bluu, vimekatika kama nyayo za kuku. Nikaacha. Watu wengi wanaharibu hapo, wanabonyeza kwa hasira mpaka wanamaliza wino wa kuchapia kwa kusafishia.

Nikaenda kwa fundi magari nikamwomba maji ya betri. Yale safi, nikamwambia, si yale yenye asidi. Akaniuliza nimenunua gari? Nikasema ndiyo, la watu wafu. Akanijazia chupa. Maji ya ziwa yana chumvi yake, ya bomba yana kutu, yanaacha uchafu palepale unapotaka kusafisha. Ya betri hayaachi kitu. Nikachukua kitambaa chako cha kufutia lensi, nikakikunja mara nne, nikakidondoshea, nikakiweka chini ya njia ya kichwa, nikakisogeza kichwa taratibu kwa mkono mpaka kikakaa juu yake. Sikukandamiza. Sikusugua. Nikafunga mlango, nikaenda kumenya viazi na wanawake wa kilio, wakinisema kwa macho.

Asubuhi kitambaa kilikuwa na doa la bluu, limefunguka kama ua. Nilikaa chini. Sikulia siku ya kaburi, Yaya, unisamehe, nililia kwa doa.

Mistari ikatoka mizima. Lakini wino ulikuwa wa picha moja kubwa, labda. Na karatasi ya kung'aa ilikuwa moja. Na umeme wa mji ulikuwa unakuja na kuondoka kama mkwe mwenye aibu. Ukikatika katikati ya picha, karatasi imekwisha, bluu imekwisha, mashine inakwenda Gitaza. Ijumaa alasiri nikaibeba mpaka kwa Deo kinyozi, yeye ana jenereta na stabilizateri ya kutuliza umeme. Nikaipanga juu ya kiti chake cha kunyolea.

Inachapa kuanzia juu. Ulikuja ukuta wa studio kwanza. Halafu nywele. Paji la uso. Hapo tukasikia risasi, mlimani, mbali, halafu si mbali sana. Barabarani watu wakaanza kufunga milango. Deo akakimbilia jenereta: "Dada, nazima! Hii kelele itatuitia watu!"

Macho yako ndiyo kwanza yalikuwa yanafika. Nikamwambia, "Deo, ukizima nitakunyoa kavu, na kichwa hiki utazikwa nacho."

"Dakika ngapi?"

"Mbili."

Zilikuwa tatu. Sikuwahi kumdanganya mtu hesabu mpaka siku ile. Tulilala chini wote wawili, mashavu kwenye nywele za wateja, na juu yetu mashine inakwenda na kurudi, kwii, kwii, na mimi nahesabu: pua. Mdomo wa juu. Meno. Taa ya wino ikaanza kumeta. Kidevu. Kola ya shati. Karatasi ikaanguka. Nikanyoosha mkono nikabonyeza kitufe, nikasubiri, ikasema tak. Ndipo nikamwambia Deo zima.

Ulikuwa na rangi yako. Chini kabisa, kwenye shati, bluu ilikuwa imeanza kufifia, shati limekuwa na rangi ya chai. Uso ulikuwa wako.

Niliilaza usiku kucha kwenye chumba chako, wazi, hakuna aliyeruhusiwa kupita. Jumamosi asubuhi nikamwita Mama. Akasimama mikono nyuma, bila kuambiwa asiguse. Akaangalia muda mrefu.

"Anamucheka nani?"

"Mimi, Mama. Na mashine."

"Hm." Akaangalia tena. "Shati hili hakuwa nalo."

"Ni wino uliisha, Mama."

Akatoka uani. Baba mudogo alikuwa anapanga viti. Akamwambia, hata hakupunguza mwendo: "Gaspari, mwambie mutu wako wa Gitaza abaki na pesa yake." Basi. Hakuna hotuba. Na alipokuwa anapita mbele yangu akasema kwa sauti ndogo, "Wewe ulimuzuia kwenda mara nyingi. Mimi nilikuwa nakula siku zile." Kumbe kuna mtu mwingine aliyekuwa anahesabu, Yaya. Alikuwa anahesabu kwa sahani.

Ulikaa mezani kati ya mishumaa miwili, unacheka, padri akihubiri. Watoto wako walikuwa wanakuonyesha kwa kidole.

Jana Mama amevaa kitenge chake cha Pasaka, akaja akaketi kwenye kreti mbele ya studio, akasema na yeye nimpige. Nimempiga. Hakucheka. Iko kwenye kadi, haiwezi kutoka, bluu hakuna. Nimeagiza Kigoma, itakuja kwa boti la mizigo, mwezi huu au ujao, sijui. Nikamuuliza kama ana haraka, maana kuna gari la kesho la Bujumbura.

Akasema: "Haraka imeshanichukulia mutoto. Boti lije likitaka."

Basi lala, Yaya Jeromi. Watoto wako watasoma, hilo usiliulize. Na nakuahidi: wino ukiisha nitafunga mlango na kukaa kizingitini, wateja wanitukane wakitaka. Sitamtuma mtu yeyote kwenye ile barabara kwa ajili ya rangi. Hata bluu.

Mudogo wako,
Mapendo