Kisu cha Matoke, Kyebando

Dada Rehema, salamu kutoka huku Kampala, mvua haijakatika tangu asubuhi.

Mwenyeji wangu, Mama Zaitun, nilimwambia mapema kwamba niliwahi kulazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Leo akanipa kisu. "Matoke hayajimenyi yenyewe," akasema. Nikaanza kumenya, nikajikata kidole. Nikaganda, nikingoja aninyang'anye kile kisu. Alinifunga kitambaa tu. "Maliza, watu wana njaa."

Nikamenya mpaka mwisho.

Msalimie Mama, nibusie mwanangu. Nimewakumbuka sana. Ila kurudi Mwanza kunanitia wasiwasi, dada. Nikifika, nitakuta visu bado mmevifungia sandukuni kwa sababu yangu?

Mdogo wako, Asha