Vigelegele Nilivyovituma Nkowe

Nachingwea,
9 Novemba, 1952

Kwa dada yangu mpenzi Mwantumu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Nkowe, wewe na shemeji Abdulatifu na mwanetu Sikuzani. Je, ule mguu wako umeacha kuvimba? Mimi sijambo, ila sijambo yangu ina kasoro, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Amri, jirani yenu, alipita hapa Jumamosi na baiskeli yake. Alinieleza kwamba umetangaza mbele ya watu kuwa huna tena mdogo aitwaye Yunusi. Hakutaja sababu, akidhani naijua, akaondoka bila hata kunywa maji. Sikulaumu, dada. Uliniandikia kwamba mama yetu amefariki, nami nikakujibu kwamba nimefurahi mno, mpige vigelegele hadi Ruangwa wasikie, na kanga nitaleta doti mbili. Ningekuwa wewe, barua ile ningeitia motoni.

Lakini nisikilize. Mwezi wa sita, nikiwa kazini kwenye stoo ya mashamba ya karanga, kichwa kiliniuma ghafla nikaanguka. Nililazwa hospitali ya misheni siku kumi na mbili. Sikuwaarifu, kwa sababu mama angekuja kwa miguu, unamjua. Nilitoka nikitembea na kuzungumza vizuri, ila upande wa kulia sioni sawasawa.

Kabla sijatoka, daktari, sista mmoja mzungu mwenye Kiswahili cha kuchekesha, aliniambia niandike jina langu na la kijiji chetu. Nikaandika bila shida. Kisha akaniambia nisome nilichoandika. Dada, sikuweza. Nilikuwa naona wino tu. Alinieleza kwamba damu iliziba ndani ya ubongo, ikakata njia inayotoa herufi machoni na kuzifikisha kwenye maneno, lakini njia ya mkono imebaki nzima. Alisema ugonjwa huu unajulikana, si wazimu wala sikurogwa.

Basi nikawa naficha. Wanaoniletea barua za watoto wao niwasomee, nawaambia miwani imevunjika. Barua yako ilipofika, karani wa posta aliniambia tu imetoka kwako, nami niliona haya kumpa mtu anisomee. Mimi niliyewasomea nusu ya Nachingwea, nianze kusomewa? Nilijua watu wanataka kumposa Sikuzani, na mimi mjomba wake ndiye wa kuridhia. Nikajiambia barua haiwezi kuwa na jambo jingine. Nikajibu kwa kubahatisha, tena kwa mbwembwe, ili usinishuku.

Amri alipoondoka niliitoa barua yako sandukuni. Sista alikuwa amenifundisha kuifuata kila herufi kwa kidole kana kwamba naiandika mimi, na kidole kikimaliza, herufi naijua. Inachosha, nilikuwa nimeshaacha. Likatoka neno moja: mama. Nilicheka peke yangu kwa furaha, kwa kuwa nimesoma. Neno lililofuata nililifuata mara tatu, nikitumaini kidole kimekosea.

Nimelia, dada, na ninalia sasa. Mama alizikwa, na mwanawe wa pekee wa kiume alituma vigelegele kwa ajili ya kiburi chake. Ugonjwa haukuniambia nidanganye, hilo nililifanya mwenyewe. Nisamehe. Nataka kuja nikae kaburini kwake, lakini siwezi kukanyaga ua wako bila ruhusa yako.

Barua hii nayo siwezi kuirudia, kwa hiyo yaliyokosewa yavumilie. Jibu lako mpe Amri. Safari hii nitamwomba anisomee kwa sauti pale stoo, wenzangu wote wakisikia, hata kama umenitukana. Ila kama bado mimi ni ndugu yako, jina langu liandike juu peke yake, kwa herufi kubwa. Hilo asinisomee mtu, nitalifuata kwa kidole changu.

Nisalimie shemeji, Sikuzani, na wote waliokaa matanga pamoja nawe mimi nikiwa sipo.

Ni mimi mdogo wako, ukikubali,
Yunusi