Makopo ya Dada Afriyie

Ka, ka, ka. Kopo linagonga kopo chumbani kwako alfajiri, kabla mwanga haujaingia. Tukifungua mlango, rafu ni tupu.

Ni mwaka mmoja sasa tangu ugonjwa wa figo ututenganishe, Dada Afriyie, na nyumba yetu ya Bantama bado inakusikia.

Ulikuwa muuguzi wa watu waliochoka kuishi. Ulikuwa mkali kwa kifo kama mwenye duka kwa mwizi. Wengine waliogopa hata kulitaja jambo lenyewe, wewe uliuliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Mama akakukemea, "We Afriyie, usikiite kifo humu ndani!" Ukamjibu, "Mama, kimeshaingia na kimekaa. Hakijasemeshwa tu."

Wazo la mgonjwa ulilihoji kama shahidi mwongo. "Unasema huna mtu duniani. Haya, kenke uliyokula jana nani kakuletea?"

"Dada yangu."

"Kumbe! Basi wazo lako limekudanganya. Tuendelee."

Kila mgonjwa wako alikuwa na kopo la maziwa, na ndani yake aliweka vitu vinavyomshikilia asiondoke: picha, jino la mtoto, kipande cha kitenge cha mama. Saa mbaya ikifika, alifungua kopo kwanza. Waliokosa pa kuyaweka, uliwatunzia wewe, kwenye rafu ya chumbani kwako.

Baada ya mazishi, ukoo ukaja kugawana vitu vyako, kama ilivyo desturi yetu. Mjomba Nsiah akaona jino. "Uchawi huu! Kumbe alikuwa anafungia roho za watu!" Mimi mdogo wako, mtunga mashairi, nilibisha mpaka sauti ikakauka. Akaniambia mashairi yangu nikawasomee mbuzi. Makopo yote yakatupwa mtoni.

Mwezi uliopita mgonjwa wako Yaw Bekoe, fundi wa kuchomelea kule Suame, alisimama mlangoni, akamwambia Mama:

"Nimefuata kopo langu, Maame. Lina kiatu cha kwanza cha binti yangu. Leo nakihitaji sana."

Mjomba akainamisha kichwa. Mama akaweka mwiko chini, akamshika Yaw mkono, na lile neno alilolikimbia maisha yake yote likamtoka: "Mwanangu, unafikiria kujiua?"

"Ndiyo, Maame."

Paa halikuanguka. Mama alikaa naye, akamuuliza habari za binti, kisha akampeleka mwenyewe kwa muuguzi mwenzako hospitalini. Mjomba alikimbilia gari la Obuasi, mji anakoishi yule binti, ili amlete, miguuni kavaa ndara za Mama.

Yaw yu hai. Lakini makopo yalijaza rafu nzima, na aliyekuja ni mmoja. Wengine hatuwajui hata kwa sura. Kila alfajiri tunajiuliza linalolia ni la nani, na kama mwenyewe bado yupo. Wewe uliwajua kwa majina, Dada. Sisi tunawaita kupitia ukurasa huu wa kumbukumbu: njooni, hata kama hamna la kusema.

Tunaokukumbuka ni mama yako Maame Pokuaa, binti yako Serwaa, Mjomba Nsiah, na mimi mdogo wako Dapaah. Leo kaburini Mama hakulia. Alisema kwa sauti, mbele yetu sote:

"Afriyie, hutasahaulika hata siku moja. Na yeyote atakayekuja, nitaketi naye, hata chakula kiungue."