Paja la Kuku Upande Wangu wa Sinia

Chake Chake, Jumatano baada ya Pasaka, 1960

Mvua ya masika imeanza alfajiri, na mpaka sasa, saa tisa mchana, haijanyamaza. Nguo zinanuka uvundo, godoro linanuka uvundo, na mimi mwenyewe najiona nanuka. Wala si mvua. Leo najichukia, daftari, na afadhali niseme mapema usije ukadhani nimekufungua ili nijitetee.

Nina kinyaa. Kinyaa cha nafsi yangu.

Nianze na Bi Salome. Ni mjane wa kanisa letu, mzaliwa wa hili hili shamba la misheni. Bibi yake na bibi yangu waliletwa hapa pamoja, siku walipotolewa utumwani. Miaka tisa iliyopita alionekana ana ukoma, akapelekwa kambi ya wagonjwa kule kaskazini. Mwezi uliopita karudi. Daktari kampa karatasi yenye muhuri: amepona, hawezi kumwambukiza mtu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimebaki vifupi na vingine vimejikunja, lakini maradhi hayamo tena. Daktari alimwambia na jambo jingine, na yeye akatuambia sisi wanawake wa kanisa bila kuficha. Akae hapa mpaka Pasaka ipite. Akiona watu wamempokea, abaki kwake. Akiona hawakumpokea, kitanda chake kambini hakijapewa mtu, na gari la kambi linapita hapa kila Jumamosi.

Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa wazi kwetu sote. Nyumbani kwake, au kambi.

Siku ya Pasaka, tukishatoka kwenye ibada, tunakula pamoja uwanjani kwa kanisa. Mikeka inatandikwa, masinia yanapangwa, tunakaa watano watano, wanawake huku na wanaume kule, kila mtu na mkono wake, kama anavyokula Mpemba yeyote. Wiki mbili kabla, kwenye kikao cha kina mama, Mama Daudi akaomba kusema. Huyu ni mke wa karani aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga. Kwa sauti yake ile laini akasema kwamba yeye hana neno na Bi Salome, maskini, ila watoto watakuwepo, basi kwa nini asipelekewe chakula chake nyumbani akala kwa nafasi? Wengine wote wakainamia kanga zao.

Mimi nikasimama. Ati mwalimu.

Mimi ndiye ninayefundisha darasa la wanaojiandaa kubatizwa, na juma lile tulikuwa kwenye habari za Wakristo wa mwanzo. Nilikuwa nimewaeleza jinsi imani ilivyotoka Yerusalemu na watu wachache tu, wanaosema seremala mmoja aliyesulubiwa amefufuka, mpaka ikafika Antiokia, ambako ndiko walikoitwa Wakristo mara ya kwanza. Hawakuwa na makanisa. Walikutana majumbani, wakimega mkate. Mtumwa na bwana wake walikula pamoja, Myahudi na asiye Myahudi, na watu wa mjini wakawashangaa, maana jambo hilo hawajapata kuliona. Nikawasimulia na Petro. Kule Antiokia alikuwa akila na wasio Wayahudi bila taabu, lakini walipokuja wageni kutoka Yerusalemu akaanza kujivuta pembeni kidogo kidogo, na wenziwe wakamfuata, hata Paulo akamkabili mbele ya watu. Darasani tulicheka sana. Nilimwigiza Petro anavyojiinua mkekani kama aliyekumbuka kitu nyumbani. Mtume mzima, nikasema, anaogopa macho ya watu!

Basi habari hiyo nikaibeba nzima nzima, nikawamwagia kina mama. Nikawaambia tukimtenga mmoja kwenye chakula hatuna kanisa tena, tuna jengo tu. Nikawasomea karatasi ya daktari kwa sauti, neno kwa neno. Nikamalizia kwamba Bi Salome atakaa sinia langu, na anayeona vibaya akakae kwingine. Nilirudi nyumbani nimevimba kama andazi.

Jumapili mvua ikatupa nafasi. Tulikaa watano: mimi, Bi Salome kuliani kwangu, wasichana wawili wa darasa langu, na Mama Daudi, aliyekuja kunipima, najua. Wali wa nazi, na juu yake kuku mzima wa kupaka. Bi Salome alivaa kanga mpya na asumini kichwani. Miaka tisa hajala na sisi. Alikuwa anatabasamu hata kwa watoto waliokuwa wakimkodolea macho. Tukaomba, tukanawa.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kwetu, mkubwa wa sinia ndiye anayemega kitoweo akawagawia wenziwe. Mdogo hanyooshi mkono akajichukulia. Atakayefanya hivyo kakosa malezi. Hili nalijua tangu utotoni, na katika mahubiri yangu yote halikunipitia kichwani. Nilifikiria kula naye tu. Sikufikiria kwamba yeye ndiye mkubwa wetu, na kwamba kila kipande nitakachotia mdomoni kitatoka mkononi mwake.

Akamwendea kuku. Paja lilimteleza, akalishika tena, akaliminya kwa kiganja kwa sababu vidole havikutosha, akalisokota mpaka kiungo kikaachia, na mchuzi ukamtiririkia mkononi. Kipande kile cha kwanza, ndicho bora, akakisukuma upande wangu.

"Kula, mwalimu wangu," akasema. "Wewe ndo ulonirejesha."

Nikalitazama. Lilikuwa na alama za vidole vyake kwenye ule mchuzi mzito. Daftari, kinyaa kilinishika. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye wali, ukarudi, ukajipangusa kwenye kanga, na nikajisikia nasema nimeshiba, nashukuru, asubuhi nilikunywa uji mzito.

Hata tonge moja nilikuwa sijala.

Mama Daudi alikuwa anangoja hilo tu. Akanawa pale pale, bila haraka, kama aliyekwisha kula. Wasichana wangu hawakumtazama yeye, walinitazama mimi, kisha na wao wakanawa. Ndio wanafunzi wangu hao, wasikivu.

Bi Salome akabaki peke yake na sinia la watu watano. Akala matonge matatu manne, taratibu, kwa heshima ya chakula, kisha akalifunika sinia kwa kawa na kuwaombea baraka waliopika. Pale kwenye ngazi za kanisa Mama Daudi akanibana mkono, akaniambia pole. Pole! Kama ndugu wawili waliofiwa. Nikaona kwamba mimi na yeye ni kitu kimoja, na yeye alilijua hilo kabla yangu, na pengine yeye ana nafuu kwa sababu alisema la moyoni mwake mbele za watu. Kinyaa kikanishika mara ya pili, na safari hii kuku hakuwa na kosa.

Siku mbili hizi nimekuwa najitungia visingizio. Ati mwili una mambo yake. Ati hata yeye ameelewa. Ati sikumwambia neno baya. Upuuzi mtupu. Karatasi niliisoma mwenyewe, nikaiamini, na mpaka sasa naiamini.

Jana nikamtumia salamu kwamba leo nitafika kumwomba radhi. Nikaenda saa sita, mwavuli umenigeukia njiani, nimerowa mpaka magotini. Nyumba yake ipo chini ya kilima, njia ya Vitongoji. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akanipa kanga kavu nijifute. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri. Hakunipa nafasi ya kuyatoa. Aliniambia nikae kwanza, nile.

Mkekani palikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Nikafunua. Sahani moja ya kauri, mpya, kipande cha karatasi ya dukani bado kimeganda ubavuni. Wali umeshapakuliwa, kipande cha samaki juu yake. Pembeni, kijiko. Akanieleza kwamba sahani alikwenda kuinunua mwenyewe asubuhi, lakini aliyeiosha, akapika na kupakua ni binti wa jirani, tangu hapo yeye hakugusa kitu, hata kitambaa kakitandika binti yule.

"Nimekutilia mbali, mwanangu," akasema. "Ule kwa raha."

Hapakuwa na kejeli. Niliitafuta kejeli usoni mwake kama mtu anayetafuta dawa, maana ningeiona ningepata pa kushika, ningekasirika kidogo. Haikuwepo. Bibi wa watu alikuwa ametoka na mvua hii, akapanda kilima mpaka mjini kwa miguu, akaninunulia sahani.

Akaenda kukaa mlangoni, mbali na mimi, akaniambia kwamba Jumamosi anaondoka na gari la kambi. Ndipo maneno yangu yakatoka, yote kwa pamoja. Kwamba nilikosa. Kwamba abaki. Kwamba kanisa linamhitaji, na kina mama watazoea, na mimi nitasema nao tena. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akasema ameshanisamehe tangu Jumapili, pale pale mkekani, na wala hana kinyongo.

"Ila kule tunakula sinia moja," akasema. "Waislamu na sisi. Na anowamegea ni miye."

Nikala. Nikala kwa kijiko, peke yangu, mpaka nikaimaliza sahani, na wali ulikuwa mtamu.

Hilo ningeweza kumsimulia mtu yeyote, na angenionea huruma. Kuna moja ambalo sitamwambia mtu, nalo ndilo linalonitia kinyaa tangu nimerudi. Pale nilipofunua kitambaa na kuiona ile sahani na kijiko, kabla ya aibu, kabla ya machozi, nilishusha pumzi.

Nilifurahi.

Aibu ilikuja baadaye, tena nikaikaribisha haraka haraka ili ikae mbele.

Kesho nitakwenda tena, saa ya chakula, na safari hii sitatuma salamu, asipate wasaa wa kumwita binti wa jirani. Nitamkuta na chungu chake na samaki wake. Nitakaa chini, nitanawa, nitamwambia mkubwa ni yeye, amege. Baada ya hapo sijijui.