Nilipaka Chokaa Juu ya Majina

Kisangani, tarehe 9 Julai 2000. Ni mwaka mmoja na miezi mitatu tangu nitoke kwetu Butembo.

Mpendwa Mama Clémence mshauri, naomba msaada wako. Mimi ni Mumbere, nilibeba mizigo bandarini mpaka mgongo ukakataa, na baada ya mabomu ya mwezi wa sita niliona kila nyumba ina matundu na moshi, nikasema bon, nitafungua kazi yangu ya kupaka nyumba, nikatafuta brashi na chokaa, ujuzi sina, nilifikiri mkono wenye nguvu unatosha. Kazi ya kwanza nilipewa na Papa Amuri, nyumba ya marehemu ndugu yake huko Kabondo, yeye mwenyewe hakuweza hata kupita mlango, alisema mjane anarudi Ijumaa kutoka Yanonge, kijiji cha chini ya mto, asikute matundu ya risasi. Nikayaziba. Ukuta wa nyuma, unaotazama ua, ulikuwa na maandishi ya makaa, na mimi nasoma polepole, na askari wameandika matusi kwenye kuta nyingi za mji huu, donc basi sikusoma, sikukwangua, nilipitisha chokaa mara moja ili nimalize upesi.

Mjane, Mama Georgette, alifika na mfuko kichwani, hakunisalimia, akaenda moja kwa moja nyuma. Nikasikia mfuko unaanguka.

"Papa, batoto yangu iko wapi?"

Nikamjibu, mama, mimi ni fundi wa rangi, sijaona watoto.

"Uliwafuta! Feruzi aliandika majina yabo hapa!"

Feruzi ni jirani yake, mama mwenyewe alinieleza. Mabomu yalipoanguka mama alikuwa Yanonge kununua samaki, na Feruzi ndiye aliyemzika mumewe na watoto wao wawili uani, maana makaburini hakuna aliyeweza kufika, akaandika ukutani nani amelala wapi, kisha akakimbia, akapitia Yanonge kumpa mama habari, na sasa hajulikani alipo. Mvua imesawazisha udongo. Mama alipapasa ukuta mpaka viganja vikawa vyeupe. Mimi nilitoroka, hata brashi niliiacha. Nifanye nini? Na kazi hii inataka ujuzi gani ambao sina? Noeli nataka kurudi Butembo, ila sijui nitarudi mtu wa namna gani.

Mumbere

JIBU

Mumbere, niliiweka barua yako chini, nikatoka nje kwanza. Unauliza ujuzi? Kuchanganya chokaa utafundishwa kwa wiki moja. Ujuzi wa kwanza ni kumwuliza mwenye ukuta kabla hujaugusa, na kusoma kilichoandikwa, hata kama kitakuchukua asubuhi nzima. Kilikushinda? Ungeita mtu akusomee. Aibu hiyo ni ndogo kuliko hii uliyo nayo.

Na kutoroka! Ulimwachia mjane ukuta mweupe na brashi yako.

Sasa sikia. Fundi mzuri angekwangua, na majina yangekwenda na vumbi. Uvivu wako, Mungu anisamehe, huenda ndio umeyabakiza. Chokaa iliyopakwa mara moja ikilowa huonyesha kilicho chini yake. Nimekulia katika nyumba ya chokaa, na kila mvua ikipiga tuliona madoa ya zamani yanarudi. Usikwangue, usisugue. Chukua maji safi na kitambaa laini, nenda na Papa Amuri, piga magoti uombe msamaha, kisha mwulize mama kama anakubali. Akikubali, bonyeza kitambaa polepole. Majina yakitokea, yeye ndiye asome kwanza, si wewe. Simamisha misalaba mitatu kabla ukuta haujakauka na kuyaficha tena.

Yasipotokea, panda mtumbwi ukamtafute Feruzi kijiji kwa kijiji.

Noeli utarudi Butembo, ikiwa misalaba imesimama. Kabla ya hapo, huendi popote.